Taarifa ya simu inasema nimetumia zaidi ya mshahara

Swali: Mimi ni mwalimu, Tororo, Uganda. Nalipwa shilingi 700,000 kwa simu. Mwezi uliopita nilijumlisha pesa zilizotoka kwenye laini zangu mbili, MTN na Airtel, nikapata 1,140,000. Sina deni lolote. Nilijitumia 300,000 kutoka MTN kwenda Airtel, na nilitoa 400,000 kwa wakala, nikarudisha 140,000 kwenye simu. Hesabu imekosewa wapi?

Jibu: Mwalimu, hukukosea kujumlisha, ila umehesabu pesa ileile mara mbili. Zile 300,000 zilitoka MTN, zikatoka tena Airtel ulipozitumia. Ziondoe upande mmoja. Ondoa pia 140,000 ulizorudisha. Zinabaki 700,000, sawasawa na mshahara wako.

Sasa tazama hizo 400,000. Kutoa pesa kwa wakala si matumizi. Umezihamisha tu kutoka simu hadi mkobani. Ukiondoa zilizorudi, kuna 260,000 za taslimu ambazo taarifa haiwezi kukueleza: boda boda, rolex (chapati ya mayai), soko, mchango wa matanga. Hapo ndipo penye giza. Kwa wiki mbili andika matumizi ya taslimu peke yake. Ya simu yamekwisha kujiandika. Kila jioni hesabu zilizobaki mkononi, maana daftari bila kuhesabu noti ni hadithi tu.

Makato yape safu yake. Kodi ya serikali ya kutoa pesa kwenye simu ni asilimia 0.5, kwa hiyo 400,000 zilikatwa 2,000, mbali na ada ya mtandao. Zile 140,000 ukizitoa tena, zinakatwa 700 nyingine na ada juu yake. Ukimlipa mwenye duka moja kwa moja kwa simu, kodi hiyo haikuhusu. Na kutoa 50,000 mara nne hugharimu ada kubwa kuliko 200,000 kwa mkupuo, ingawa kodi ni ileile. Ukijua pesa zikiwa mkobani huisha haraka, basi huenda hiyo ada ya kutoa kidogo kidogo inakulinda. Uamuzi ni wako.

Jambo moja hukuuliza. Kama una mtoto shuleni, usiiache ada yake iangukie mwezi muhula unapofunguliwa. Tuseme ni 450,000 kwa muhula: mihula mitatu ni 1,350,000, gawa kwa 12, upate 112,500. Andika hiyo kila mwezi, hata mwezi ambao hujalipa kitu, kisha uone kama 700,000 bado zinatosha.