Kabla Hujafungua Hedi: Maswali ya Wenye Malori Makuukuu

Msimu wa korosho ukifunguka mwezi wa kumi, malori yaliyolala chini ya miembe tangu masika huamshwa kwa siku moja, yakapakiwa magunia, yakaambiwa yapande mlima. Hapo ndipo maswali yanapomiminika hapa gereji Mtwara. Nimechagua matano. Mengine nimeyaacha kwa kuwa jibu lake ni neno moja: mkanda.

*Shikamoo fundi. Nina Fuso ya zamani ya tani saba. Masasi mpaka Ndanda haina neno. Nikianza kupanda Newala na mzigo, mshale wa moto unapanda na mimi, gari inalegea mpaka naomba gia ya pili. Fundi mmoja kasema rejeta, mwingine kasema pampu ya dizeli. Nimshike nani? (Dereva, Masasi)*

Marahaba mwanangu. Usimshike yeyote kwanza. Panda tena na mzigo uleule, macho kwenye geji, kisha uniambie kipi kilitangulia: moto au ulegevu?

Kama moto ulitangulia, tafuta kwenye upoozaji. Lori likiwa tambarare linapigwa na upepo wa barabarani. Mlimani unakwenda mwendo wa kutembea kwa miguu huku injini inafanya kazi ya punda, na upepo wote unategemea feni. Kwa hiyo anza na feni. Je, lile kava la duara linaloizunguka bado lipo? Nauliza kwa sababu mafundi wengi hulitoa wakitafuta nafasi ya mkono na hawalirudishi. Nimeliona moja nyuma ya gereji fulani kuku wakitagia ndani. Bila kava, feni inazungusha hewa ileile badala ya kuivuta kupitia rejeta. Kama feni yako ni ya klachi ya mafuta, izungushe kwa mkono injini ikiwa imezimwa na ina moto. Ikizunguka kirahisi kama pangaboi, klachi yake imekufa.

Halafu rejeta. Ioshe kwa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje, usitumie mashine ya presha, italaza mapezi. Ikishakuwa safi na injini ikapata moto, zima, pitisha kiganja juu ya mapezi. Ukikuta sehemu ya baridi katikati ya sehemu za moto, mirija ya hapo imeziba. Hiyo ni kazi ya fundi rejeta, aifungue matangi na kuzibua mirija kwa rodi.

Kama ulegevu ulitangulia, injini inachoshwa na kitu. Ukifika juu, sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuligusa. Tairi moja likiwa la moto kuliko mengine, breki haiachii, na wewe umepanda mlima wa Newala na breki umeikanyaga. Nimewahi kuona lori limebadilishiwa nozeli (midomo ya kupulizia dizeli) zote sita kwa ugonjwa huo. Moshi ukiwa mweusi, dizeli ni nyingi kuliko hewa: angalia eya klina, yaani kichujio cha hewa (vumbi letu jekundu halina huruma), angalia hosi ya tabo (mashine inayosukumia injini hewa) kama ina mpasuko uliolowa oili, na muulize aliyeitengeneza mara ya mwisho kama aligusa skrubu ya pampu "kuiongezea nguvu". Nguvu hiyo ndiyo inayokuchemshia.

*Fundi, nilishauriwa kutoa thamostati ili maji yazunguke vizuri. Nimeitoa, lori bado linachemsha, tena mapema zaidi. (Newala)*

Ushauri huo ni wa zamani na ni mbaya. Kwenye injini nyingi za malori ya Kijapani, thamostati ina kazi mbili. Inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huohuo sahani yake ya chini inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta kabisa.

Nunua nyingine, lakini ijaribu kabla ya kufunga. Itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, imening'inizwa kwa uzi isiguse chini. Nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Namba imegongwa kwenye chuma chake. Maji yakitokota na bado imefumba, itupe, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

*Kaka, lori langu la breki za upepo linatoa mapovu kwenye rejeta na kumwaga maji. Fundi anataka kufungua hedi, kile kichwa cha injini. Oili ni safi, moshi wa kawaida. Nimruhusu? (Mwenye lori, Masasi)*

Subiri kaka. Hapa nina kidonda changu mwenyewe. Miaka mingi nyuma nilimfungulia mtu hedi kwa dalili hizihizi. Tulikata gasketi mpya, tukafunga, tukawasha: mapovu yaleyale. Mwenye gari hakusema kitu, na afadhali angesema. Kosa lilikuwa kwenye kompresa ya upepo, ile inayojaza upepo wa breki.

Kompresa nyingi za malori hupozwa kwa maji ya injini. Gasketi yake ndogo ikipasuka, upepo unaingia kwenye maji na unatokea rejeta kama vile hedi imeungua. Oili inabaki safi, moshi hauna tatizo. Injini ikiwa baridi, chomoa hosi mbili za maji za kompresa, unganisha matundu ya injini kwa hosi moja, jaza maji, washa kwa dakika mbili tu na usizidishe. Mapovu yakikoma, badilisha gasketi ya kompresa na uache hedi ilale.

Yakiendelea, hapo sasa mruhusu. Ila sharti hedi ipimwe kama imepinda na kama ina ufa, na boliti zikazwe kwa spana yenye kipimo, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu. Fundi anayekaza kwa kusikilizia mkono, mshukuru, mlipe nauli.

*Baba, huku kwetu maji ya kisima yana chumvi. Dereva wangu anajaza hayohayo. Yana madhara? (Mama mwenye gari, Kilwa Masoko)*

Yana madhara makubwa mama. Chumvi inakula chuma na aluminiamu, na chokaa iliyo kwenye maji inajenga ukoko ndani ya mirija kama ule wa birika la chai. Wenzetu wa Umakondeni wamezoea kukinga mvua kwenye mabati. Fanya hivyo, weka madumu mawili ya maji ya mvua kwa ajili ya rejeta, uchanganye na kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu kwa nusu. Badilisha na mfuniko wa rejeta kama mpira wake umekauka. Mfuniko ulioandikwa 0.9 (kipimo cha presha) huzuia maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 118. Ukifa yanachemka kwenye 100. Rudisha namba ileile ya awali. Na mwambie dereva asiufungue ukiwa na moto, wala asimwage maji baridi kwenye injini iliyochemka. Hedi inapasuka.

*Gari haichemshi kabisa, ila nikitoka Lindi nikifika Mchinga tu nguvu zinaisha. Nikizima dakika kumi, inarudi kama mpya. (Dereva, Lindi)*

Hiyo inakosa dizeli. Siku ikilegea, fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa ndani, tundu la kupumulia limeziba. Usiposikia kitu, toa tangi ulisafishe: mara nyingi ni kipande cha nailoni cha dumu kinachoelea, kinanyonywa mpaka kwenye mdomo wa paipu, injini ikizimwa kinaachia. Filta badilisha tu, ni bei ndogo. Ila kabla ya yote, mwambie tandiboi akanyage mafuta mpaka mwisho, wewe utazame mkono wa pampu kama unafika mwisho wake. Wa juzi aliyekuja na shida kama yako, kapeti lilikuwa limejikunja chini ya pedali.