Springi za mbele za Benzi W123: usiguse nati ya shokapu kabla hujasoma hapa

Mkuu nimesoma swali lako mara mbili. Una Benzi W123 ya dizeli, 240D ya 1982, springi ya mbele kushoto imekatika koili ya chini kabisa, umeshanunua mpya mbili, una zile klempu mbili za ndoano za kubana springi ulizotumiaga kwenye Corolla, na fundi wako anasema hata hizo klempu za nini, yeye anatoa kwa jeki na mnyororo tu. Unauliza ufate njia ipi kati ya hizo. Jibu langu ni hakuna, na sisemi hivyo kwa kusoma soma, nimeshatumia zote mbili kwenye gari ya aina hiyo hiyo na moja iliacha shimo ukutani kwa mzee mpaka leo lipo.

Kwanza uelewe hiyo gari ilivyo maana hapo ndo watu wanapopotea. Kwenye Corolla springi na shokapu ni mguu mmoja, unafungua nati za juu, unafungua chini, mguu wote unatoka unauweka sakafuni unaukaza na klempu zako taratibu kila upande. Kwenye W123 springi imekaa peke yake, juu imeingia kwenye kikombe cha bodi na chini imekaa kwenye sahani ya loa amu (ule mkono wa chini unaoshika tairi), shokapu iko pembeni yake upande wa tairi. Koili za juu zimezama huko ndani, huzifikii kwa ndoano, kwahiyo klempu zako zitashika koili mbili tatu za katikati basi, na zile bolti zake ndefu zitagonga kwenye loa amu kabla hujakaza nusu ya unachotaka.

Sasa la pili, na hili ukisahau mengine yote lishike hili. Gari ikiwa juu na tairi inaning'inia, kinachozuia loa amu isiendelee kushuka ni shokapu. Sio bushi (mipira ya kwenye maungio) wala stabilaiza (fimbo inayounganisha pande mbili), ni shokapu. Kwahiyo mtu anafungua boneti, anaona nati ya shokapu pale juu iko wazi inachekelea, anaona hiyo ndo kazi rahisi ya kuanzia, anaifungua huku hajaweka kitu chini ya loa amu... hapo amefungua mlango wa banda na ng'ombe yuko nyuma ya mlango. Loa amu inashuka kwa kishindo, springi inapata nafasi ya kutoka, na itatokea upande uliokaa wewe maana upande mwingine kuna bodi.

Na usiichukulie kawaida kwa sababu ni chuma tu. Gari yenyewe ina karibu kilo 1,400, kona moja ya mbele inabeba kama robo yake na zaidi, halafu springi haiko kwenye tairi, iko ndani kidogo, kwahiyo mzigo unaoibana ni mkubwa kuliko ule ulioko kwenye tairi. Na nguvu iliyolala ndani ya springi haiongezeki sawasawa na unavyoibana, ukiibana mara mbili inakuwa mara nne. Ndo maana ile raundi ya mwisho ya spana ndo ya kuogopa kuliko zote.

Haya stori yenyewe. Mwaka 2014 niko kwa mzee Tanga, Benzi yake imelala mbele upande wa kulia, mimi najiona fundi kwa kuwa nimeshabadilisha breki na pampu ya maji. Nikaanza na klempu. Zikashika, nikakaza, nikakaza, nikaona koili zinasogea nikafurahi, kumbe ndoano zote mbili zinateleza kuzunguka koili zinafatana, mwisho zikawa upande mmoja na springi imepinda kama ndizi. Nilishikwa na jasho la baridi. Kuzilegeza ilinichukua muda kuliko kuzikaza, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, nimelala pembeni mkono tu ndo uko ndani.

Kesho yake mzee akamuita fundi wa mtaani, mtu mzima, kazi anaijua, magari ya zamani ndo yake. Akaja na jeki ya chupa na mnyororo. Akapitisha mnyororo kwenye koili na loa amu, akafunga, jeki chini ya loa amu, akafungua. Njia yenyewe kichwani inaeleweka, jeki inashuka pole pole na springi inafunguka pole pole. Tatizo loa amu haishuki wima, inashuka kwa kuzunguka kama bawa, kwahiyo kichwa cha jeki kinasukumwa pembeni kadiri unavyoshusha. Na sisi tulikuwa kwenye mchanga, tumeweka kipande cha mbao chini. Nilikiona kile kipande kinainuka upande mmoja, taratibu kabisa kama mtu anayeinua kisigino, nikafungua mdomo niseme na sijamaliza neno. Mlio ulikuwa kama mtu amepiga reli na nyundo. Mnyororo ulishika kidogo halafu pingili moja ikafunguka, springi ikapita chini ya fenda, ikapiga ukuta wa tofali za bloku kama mita tatu hivi, ikaacha shimo unaweza kuweka bakuli la wali. Fundi alikuwa amerudi nyuma kuchukua kopo lake la maji. Sekunde chache kabla kichwa chake kilikuwa kwenye huo mstari. Tulikaa chini hatuongei, mzee akasema leteni chai. Kazi siku hiyo iliishia hapo.

Kinachotakiwa ni klempu ya ndani. Zina majina mengi ila Wajerumani wa Klann ndo wanajulikana kwa hizo, na kuna za kuiga pia. Ni bomba lenye bolti ndefu ndani yake na sahani mbili zilizokatwa zikafata mzunguko wa koili. Unapitisha sahani moja katikati ya koili juu, nyingine chini, bomba linapita kwenye tundu la loa amu kutoka chini, linaingia sahani zote mbili, kichwa chake unakizungusha mpaka kikae kwenye nafasi yake kwenye sahani ya juu, halafu unakaza kwa chini. Springi inajibana yenyewe kwa yenyewe, haitegemei jeki wala mchanga wala dua. Usinunue kama ni kazi ya mara moja, bei yake inauma. Mimi niliazima kwa jamaa wa Dar anayefanya Benzi tu, akanitoza elfu thelathini na akashika kitambulisho changu, halafu akanisimamia nipake grisi kwenye nyuzi za bolti mbele yake. Alikuwa sahihi, bolti kavu inakula nyuzi na nyuzi zikiondoka springi ikiwa imebanwa umerudi kwenye ukuta wa Tanga. Na usije ukatumia mashine ya upepo kukaza, spana ya mkono tu, polepole, unasikia kila raundi. Ukiona nyuzi zimelika au sahani ina ufa hata mdogo rudisha usijadili.

Kazi yenyewe sasa. Sakafu iwe ya zege, sio lami ya mchana wa Dar ambayo stendi inazama, na sio mchanga nimeshasema. Tairi za nyuma weka kabari pande zote. Gari ikae kwenye stendi chini ya sehemu ngumu za bodi, stendi mbili, jeki sio stendi hata siku moja. Toa tairi halafu ilaze chini ya bodi, ikitokea la kutokea gari inalala juu ya tairi na sio juu yako. Halafu jeki ya gurudumu, ya trolii, chini ya loa amu karibu na bol jointi (kiungo cha mpira wa chuma upande wa tairi), inyanyue kidogo tu mpaka uone shokapu imeanza kuingia. Hapo sasa ndo loa amu imebebwa na jeki.

Ndo uingize klempu. Sahani ziweke mbali mbali uwezavyo ili ushike koili nyingi, ukishika chache utazikutanisha kabla springi haijafupika vya kutosha. Koili ilale kwenye mfereji wa sahani mzunguko mzima, chungulia na tochi, usikisie kwa kidole. Kaza raundi kumi, simama angalia kama sahani hazijazunguka, kaza tena. Utajua imetosha pale springi inapoanza kucheza kwenye kikombe chake, unaishika unaitikisa inatikisika. Usiendelee kukaza baada ya hapo kwa kutafuta urahisi. Na hapo ndo ufungue shokapu, sio kabla.

Kwangu mimi hata baada ya hapo loa amu haikushuka vya kutosha springi ikatoka, nikalazimika kulegeza zile bolti za ndani za loa amu na kuishusha na jeki. Ukifika huko piga alama kwanza, hizo zina kamu (visahani visivyo na kitovu katikati) za kurekebishia alaimenti, yaani mkao wa tairi, mimi nilitumia rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, haifutiki na mafuta (nikanunua nyingine, ndio). Na angalia hosi ya breki, usiache habu (kile kitovu tairi inapofungwa) ining'inie juu yake, ifunge na waya kwenye bodi.

Springi ikitoka bado iko hai. Usiielekeze kwako wala kwa mtu, usiibebe kifuani kama mtoto, na usiiache imebanwa usiku kucha eti utamalizia kesho. Ile iliyokatika kama yako nayo iogope zaidi, kipande cha chini kinaweza kuwa kimeshikwa na tope na kutu tu, kikiguswa kinaruka. Utakuta sahani ya loa amu imejaa udongo umeganda kama tofali, hapo ndo chanzo chenyewe, maji yanakaa humo, kutu inakula koili ya chini, siku moja unapita tuta unasikia ta! Chokonoa matundu ya kutolea maji, piga brashi ya waya, paka rangi, uangalie na loa amu yenyewe kama haijatoboka.

Kabla hujafunga mpya zilinganishe na za zamani. Hizo gari kila modeli na springi zake, dizeli na petroli hazifanani, yenye AC na isiyo na AC hazifanani, na wauza spea wengi watakwambia zote za W123 ni moja. Halafu juu kuna mpira, uangalie una vipele vingapi pembeni, ni kuanzia 1 mpaka 4, vipele vikizidi mpira ni mnene na gari inakaa juu zaidi. Rudisha wenye vipele sawa na ulivyokuta, na kwa sababu springi imekaa ndani zaidi kuliko tairi, tofauti ndogo ya mpira inaonekana kubwa kwenye fenda. Nimewahi kuona gari ya mtu imeinama upande mmoja kahangaika miezi na springi tatu, kumbe kushoto kipele kimoja kulia vitatu.

Kurudisha ni njia ile ile kinyume. Mpira juu, ncha ya chini ya springi izungushe mpaka ikae kwenye mahali pake kwenye sahani ya loa amu, loa amu juu na jeki, bolti ndani, shokapu ifungwe chini na juu, NDIPO ulegeze klempu. Shokapu kwanza, klempu baadaye. Unapolegeza angalia ncha isihame, ikihama kaza tena uanze upya.

Bolti za bushi usizikaze mwisho gari ikiwa juu. Shusha, weka tairi, isukume mbele nyuma, ibonyeze bonyeze, ndo ukaze gari ikiwa imesimama kwa miguu yake, vinginevyo bushi zinajinyonga na ndani ya muda mfupi zinachanika. Badilisha pande zote mbili maadam unazo mbili.

Kuhusu ile ya fundi wako kwamba mpya zikiwa ndefu atakata koili moja kwa gasi, mwambie asante. Moto unaua ugumu wa chuma, na ukipunguza koili zilizobaki zinakuwa ngumu zaidi, gari itakurusha kila shimo.

Siku za kwanza mbele itakaa juu kama inataka kupaa, usianze kubadilisha mipira, iendeshe wiki mbili tatu springi zilale halafu ndo upeleke alaimenti. Ya mzee ilichukua kama mwezi. Ukikwama kwenye kuingiza sahani ya juu niandikie hapa hapa uweke na picha, pale ndo panasumbua kuna namna ya kuilaza.