Maswali yenu: chaji zinasukumanaje bila kugusana?

Tangu tuliposema hapa kwamba fotoni, yaani vifungu vidogo vya nishati ya mwanga, ndizo zinazobeba kani ya umeme, maswali yamekuwa mengi. Leo nayajibu manne.

Mwalimu anasema elektroni mbili hurushiana fotoni kama wavuvi wanaorushiana mizigo, ndiyo maana zinasukumana. Sasa elektroni na protoni zinavutanaje? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Chumbageni)

Mwanangu, umepaona palepale mfano huo unapokwama. Nenda Raskazone jioni, uwaze ngalawa mbili zimekaribiana. Mvuvi akirusha gunia, ngalawa yake inarudi nyuma, na anayelidaka naye anasukumwa. Warushiane usiku kucha, hawatakaribiana hata shubiri moja. Mfano huo unajibu nusu ya swali tu, nami ningefurahi kama ungeachwa kabisa darasani.

Shika hivi: kila chaji imezungukwa na uga wa umeme, yaani eneo ambamo kani yake inafika, na uga huo una nishati. Fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo kama atomu, inasema uga hupokea na kutoa nishati kwa mafungu, na fungu moja ndilo fotoni. Ukisogeza karibu chaji za aina moja, nyuga zao zinaongezeana na jumla ya nishati inapanda. Zikiwa chanya na hasi, kama protoni na elektroni, nyuga zinafutana kwa sehemu kubwa, nishati inashuka. Kani huelekea kule nishati inakopungua, kama maji ya Mto Zigi yanavyoteremka kutoka Usambara kuja baharini.

Ile mistari ya mawimbi inayowakilisha fotoni katika michoro ya mwanafizikia Richard Feynman haionyeshi kidude kinachoruka. Ni hatua ya hesabu. Alama za chaji zikitofautiana, jibu la hesabu hiyo hugeuka alama, na kani inakuwa ya kuvutana.

Kama fotoni ndizo mwanga, mbona hatuuoni kati ya chaji? (Fundi umeme, Ngamiani)

Fotoni ya balbu, fundi, inaondoka na nishati yake mpaka inafika jichoni. Hizi za kwenye hesabu ya kani hazitoki nje, wala hakuna chombo kinachoweza kuzinasa.

Kwa hiyo Coulomb alikosea? (Msomaji, Pangani)

Hata kidogo. Mwaka 1785 Charles Coulomb alionyesha kwamba umbali ukiongezwa mara mbili, kani inabaki robo, na kwanta inatoa jibu hilohilo. Inaongeza sababu: fotoni haina tungamo (kiasi cha maada), ndiyo maana kani inafika mbali. Mwanafizikia Hideki Yukawa alieleza mwaka 1935 kwamba kani ikibebwa na chembe yenye tungamo, hufifia upesi sana.

Ndani ya atomu ndipo sheria hiyo ya Coulomb inapohitaji kusahihishwa kidogo. Mwaka 1947 Willis Lamb na Robert Retherford walipima katika hidrojeni tofauti ndogo ya nishati ambayo nadharia ya wakati huo haikuitabiri. Hesabu za kwanta za wanafizikia Tomonaga, Schwinger na Feynman zikaieleza, na watatu hao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1965. Leo usumaku wa elektroni uliokokotolewa kwa njia hiyo unalingana na uliopimwa kwa zaidi ya tarakimu kumi. Mimi bado hunisisimua kila nikiutaja.

Kitana changu cha plastiki huvuta karatasi wakati wa kaskazi, ila masika hakivuti. Kani nayo ina msimu? (Mama wa watoto watatu, Ngamiani)

Kani ni ileile, mama, hewa ndiyo inayobadilika. Masika unyevu hutanda juu ya kitana na chaji inavuja. Kikaushe vizuri, chana nywele kavu, kisha kisogeze kwenye vipande vya karatasi vidogo kama punje za mchele. Karatasi haina chaji ya ziada, lakini chaji zake hujipanga: za kinyume husogea kidogo upande wa kitana, na kwa kuwa ziko karibu huvutwa zaidi kuliko zile za mbali zinavyosukumwa. Waite watoto waangalie kwa makini. Kipande kitasimama wima, kitarukia kitana, na mara nyingine kitaruka tena kwenda zake, kwa sababu kimekwisha kuchukua chaji ya aina ileile.