Kufungia anwani ya IP hakutoshi

Ndugu yangu, umeuliza kama kufungia anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti) kutawaondoa wadanganyifu kwenye seva (kompyuta ya kuchezea pamoja mtandaoni) ya mchezo wa Minecraft mnayoiendesha hapo Dodoma. Hakutawaondoa, na kutawaumiza wasiohusika, kwa sababu wateja wengi wa mitandao ya simu huingia intaneti kupitia anwani moja ya pamoja, hivyo ukimfungia mchezaji wa Nkuhungu unaweza kuwa umemfungia na wa Kisasa asiyemjua kabisa. Fungia akaunti.

Ila akaunti ina maana pale tu ambapo online-mode (swichi ya kuthibitisha akaunti) kwenye faili la mipangilio la server.properties imewekwa true (ndiyo). Ikiwa false (hapana), seva haithibitishi akaunti kwa Microsoft, wamiliki wa mchezo, na mwenye nakala ya wizi ya mchezo huingia kwa jina lolote alipendalo, likiwemo la msimamizi. Ukimfukuza asubuhi, jioni yupo kwa jina jipya. Najua wengi huizima online-mode ili wasiolipia nao wacheze, lakini huwezi kuacha mlango wazi kisha ukamlaumu mlinzi.

Kwa wadanganyifu wanaoona madini ya mchezoni kupitia mawe, tumia programu ya seva ya Paper na uwashe kinga yake ya Anti-Xray, ambayo huja ikiwa imezimwa: seva huficha madini yaliyofunikwa, kwa hiyo kompyuta ya mdanganyifu haipokei cha kuonyesha. Anayeonekana kurukaruka mchunguze kwanza, kwani intaneti ya kusuasua nayo huleta dalili hizohizo.