Dola ya kumbukumbu: niambie gramu kwanza, kisanduku baadaye

Mara kwa mara natumiwa picha kwenye WhatsApp: sarafu kubwa nyeupe ya dola moja ndani ya kisanduku kizuri, na chini yake swali, "Kaka, hii naweza kuiuza bei gani?" Wengi ni Wakenya na Watanzania wenzangu hapa Marekani wanaohudumia wazee majumbani, na sarafu huwa wamezawadiwa na familia. Mimi ni mkusanyaji, si mfanyabiashara. Naanza kwa kuuliza ina gramu ngapi.

Dola za fedha za kumbukumbu zilizotolewa na serikali kuanzia 1983, zile za Olimpiki ya Los Angeles, kwa miaka mingi zilikuwa na gramu 26.73, asilimia 90 fedha, yaani madini ya silver. Hiyo ni wakia 0.7734 za kisonara (troy ounce), kipimo kinachotumika kuuzia fedha na dhahabu. Zidisha kwa bei ya fedha ya siku hiyo. Wakia ikiwa dola 30, sarafu yako imebeba fedha ya dola 23 na senti 20. Hata kama hakuna mkusanyaji anayeitaka, fedha hiyo ipo.

Inayosumbua watu ni dola yenye sura ya Rais Eisenhower na maandishi 1776–1976. Mtu akiona 1776, moyo unamwenda mbio! Ilitolewa kuadhimisha miaka 200 ya uhuru wa Marekani, na nyuma ina kengele mbele ya mwezi. Zipo mamilioni, nyingi hazina fedha kabisa. Isimamishe kwa ukingo uitazame kwenye mwanga: ukiona mstari mwekundu wa shaba katikati, mizani itakuambia gramu 22.68 na mambo yameishia hapo. Zenye asilimia 40 ya fedha zina gramu 24.59 na herufi S, alama ya kiwanda kilichoitengeneza. Lakini usiiamini S peke yake, maana zipo za S zisizo na fedha. Dola za rangi ya dhahabu zenye sura za marais, zilizoanza 2007, hazina dhahabu hata chembe.

Ukishajua fedha iliyomo, ndipo uulize zilitengenezwa ngapi, kwa mwaka ule na herufi ile ya kiwanda. Dola ya Sanamu ya Uhuru ya 1986 yenye herufi S, ile inayong'aa kama kioo, ilitoka zaidi ya milioni 6. Kisanduku chake kinapendeza na cheti kipo, lakini huuzwa karibu na bei ya fedha yake. Linganisha na dola ya Paralimpiki ya Atlanta, 1996: yenye herufi P, ya mng'ao wa kioo, ilitoka zaidi ya 84,000, yenye herufi D, ya kawaida, haikufika 15,000. Mchoro ni ule ule, bei ni mbali kabisa. Ila uchache si kila kitu. Dola ya nyati ya 2001 ilitoka 500,000 na bado ina bei nzuri, kwa kuwa watu wanaupenda mchoro wake.

Usiisafishe. Wala kwa dawa ya meno, wala kwa limau, wala kwa kitambaa laini. Mikwaruzo midogo inaonekana chini ya lenzi, na mnunuzi atapunguza bei bila hata kukuomba radhi. Ishike ukingoni, na kama iko kwenye kibebeo chake cha plastiki, iache humo.

Bei itafute eBay, lakini chuja uone zilizokwisha kuuzwa tu. Bei ya anayetamani kuuza haikusaidii. Kupeleka sarafu PCGS au NGC, kampuni za kukagua sarafu, ipimwe daraja la ubora kunagharimu pesa, na kwa dola ya 1986 gharama hiyo inaweza kuzidi faida. Dukani tegemea kupewa pungufu ya bei ya mtandaoni, mwenye duka naye anatafuta riziki yake. Akikupa chini sana ya bei ya fedha iliyomo, mshukuru, ichukue sarafu yako, nenda duka jingine.