Ile "halafu daktari" ya mlangoni

Wenzangu wa OPD, yaani kliniki ya wagonjwa wa nje, mnaijua Jumatatu asubuhi ilivyo, benchi limejaa mpaka nje, nesi anachungulia kila dakika "dokta watu wanalalamika huku", na mfumo wa kompyuta nao umegoma. Hapo nani ana muda wa hadithi? Mimi zamani, mgonjwa akifungua mdomo tu nishamkata, homa ina siku ngapi, unatapika, haya kapime.

Aliyenishika masikio ni bibi mmoja wa presha. Anakuja iko juu, namuuliza dawa unakunywa bibi? Ndiyo baba. Basi naongeza dozi. Mara ya tatu kashashika kitasa cha mlango ndo anasema, halafu daktari, ile dawa inanikojoza usiku kucha na choo chetu kiko nje, naogopa kutoka, kwa hiyo siku nyingine naiachaga. Yaani niliishiwa nguvu! Ile ni dawa ya kupunguza maji mwilini, inanywewa asubuhi, na hakuna aliyemwambia, mimi nikiwemo.

Siku hizi siulizi tena "unakunywa dawa", maana mzee wa kwetu hawezi kumwambia daktari hapana, atakujibu ndiyo hata kama vidonge viko kabatini. Nauliza "unazinywaje, saa ngapi, na chakula gani", hapo ndo ukweli unatoka. Na ile "kuna lingine?" naiuliza mapema kabla sijagusa kompyuta, isije ikanisubiri mlangoni.

Muda? Kuna utafiti wa Marekani wa 1984 ulikuta daktari anamkatiza mgonjwa baada ya sekunde kama 18. Halafu 2002 kule Basel, Uswisi, wakaamua kuwaacha wagonjwa waongee mpaka wamalize wenyewe, wastani ukawa sekunde 92 tu. Najua, Uswisi sio kwetu, kuna mama ataanzia kwenye msiba wa mwaka juzi. Huyo mpe pole kwanza, pole ya kweli, kisha mwambie "mama turudi kwenye hilo tumbo". Hakasiriki, anakasirika ukimjibu huku unachapa kwenye kompyuta.

Sio kwamba nimefuzu. Jana tu saa tisa, nimechoka, nikamkata mzee wa watu katikati ya sentensi. Nikamwambia samahani mzee wangu endelea, akaniuliza, nilikuwa nimefikia wapi vile? Hata mimi sikukumbuka.