Maswali na majibu: kuwasha mota isiyo na vihisi

Mwalimu, pikipiki yangu ya umeme ilinyeshewa na vihisi vya ndani ya gurudumu vikafa. Fundi wa Birere, hapa Goma, anataka kunifungia kidhibiti (kifaa kinachogawa umeme kwa mota) kisichotumia vihisi. Nikubali? (Msomaji wa Ndosho)

Ndugu yangu, pikipiki itatembea, ila kuondoka ndiko kutakusumbua. Vihisi hivyo, vinavyoitwa vya Hall, hutambua sumaku na hukiarifu kidhibiti mahali zilipo sumaku za rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka, hata gurudumu likiwa limesimama. Visipokuwepo, kidhibiti hutegemea volti ambayo mota huizalisha yenyewe inapozunguka: waya mbili kati ya tatu za mota hupewa umeme, wa tatu huachwa huru ili volti yake ipimwe, na volti hiyo inapovuka kiwango cha katikati, kidhibiti hujua kwamba zimebaki nyuzi 30 za umeme (mzunguko mmoja wa umeme una nyuzi 360) kabla ya kubadilisha jozi ya waya. Lakini volti hiyo hukua na kupungua pamoja na kasi, kwa hiyo gurudumu lililosimama halina cha kupimwa. Kidhibiti huivuta rota mahali pamoja, kisha huzungusha umeme kwa ratiba, polepole halafu haraka, bila kujua kama rota inafuata. Kwenye tambarare, ukisaidia kwa mguu, itafuata; kwenye mwinuko wa mawe ya volkano, ukiwa na gunia la makaa nyuma, gurudumu litatetemeka na kukwama.

Ningekushauri utengeneze vihisi. Acha kidhibiti kikiwa kimeunganishwa, hakikisha vinapata volti 5 hivi, kisha zungusha gurudumu kwa mkono taratibu huku ukipima kila waya wa ishara: volti inapaswa kupanda, kisha kushuka hadi karibu na sifuri, kwa zamu. Kagua pia waya zinapopita kwenye ekseli, kwani mara nyingi ndipo zinapokatika.

Mbona pampu yangu ya sola haina vihisi na huwaka bila shida? (Himbi)

Kwa sababu maji hayaipingi mwanzoni. Katika pampu ya kuzungusha maji, nguvu ya kupinga hukua kwa mraba wa kasi, hivyo mota huanza karibu bila mzigo.

Mota yangu isiyo na vihisi inazunguka kinyume. (Katindo)

Zima umeme, kisha badilishana waya zozote mbili kati ya tatu za mota.

Mota ikitetemeka bila kuzunguka, niongeze volti? (Majengo)

Hapana, tafadhali. Mota iliyosimama haizalishi volti ya kuupinga mkondo. Unaobaki ni ukinzani wa koili tu. Kwa volti 48 na ukinzani wa omu 0.1, hesabu inatoa ampea 480, na transista za kidhibiti zitaungua kabla hujanusa moshi. Punguza mzigo, weka kikomo cha mkondo, na urefushe muda wa kupandisha kasi. Vipo vidhibiti vinavyotuma mipigo mifupi ya umeme kwenye koili na kulinganisha mikondo ili kukisia rota ilipo kabla haijazunguka, lakini si kila mota huvikubali. Muuzaji akikuhakikishia kwamba chake kinaweza, mwombe akijaribu gurudumu likiwa chini na mtu ameketi juu ya pikipiki, kwani gurudumu lililoinuliwa hewani huanza hata kwa kidhibiti dhaifu.